Mabawa ya Blériot XI ya karatasi yanajikunja

Swali: Ndugu zangu, nasanifu modeli ya karatasi ya Blériot XI, ndege iliyovuka Mlango wa Uingereza tarehe 25 Julai 1909, kwa kipimo cha 1:33, ambapo mabawa yanafikia takriban sentimita 24, kila nikiyagundisha yanajikunja kama jani kavu. Nimekosea wapi?

Jibu: Gundi yako ina maji mengi. Ipake kidogo kwa kijiti cha meno, na uhakikishe nyuzi za karatasi zinafuata urefu wa bawa, si upana wake.

Jibu: Naafiki. Tena kiunzi cha nyuma ya rubani kiache wazi, kwani kwenye ndege halisi hakikufunikwa kitambaa. Kikate kwa wembe mpya, uvumilivu ukiwepo.

Muulizaji: Ahsanteni, kumbe nyuzi zangu zilikingama.