Naandika maisha yangu, nimekwama kwenye ukurasa wa baba

Mama Mikumi
Habari za jioni ndugu zangu. Nina miaka 61, mzaliwa wa Magomeni Mikumi, sasa nipo Mbagala. Tangu Ramadhani ilipoisha naandika maisha yangu kwenye kaunta buku ili wajukuu wasome. Nimejaza kurasa 80: nyumba yetu ya vyumba sita, wapangaji wa kila mkoa, foleni ya sukari na sabuni kwenye duka la kaya, ugali wa yanga, ule wa mahindi ya njano, tulioula mpaka tukauzoea. Hayo yalikuja yenyewe.

Nimekwama mwaka 1983. Baba alikuwa muuza kahawa. Alitoka alasiri na dele lake la shaba, makaa chini yake, ndoo ndogo ya kusuuzia vikombe, na vikombe viwili mkononi akivigonganisha, kachi-kachi, kachi-kachi. Mtaani walimjua kwa mlio ule kabla hajakata kona. Mimi nilikuwa nasoma uhazili mjini, na wenzangu niliwaambia baba yangu ni karani bandarini.

Siku moja ya msako wa Nguvu Kazi, ule wa serikali wa kukamata walioitwa wazururaji na kuwapeleka mikoani, tumetoka darasani, karibu na Mnazi Mmoja tukakuta wanaume wamechuchumazwa kwa mistari kando ya lori. Baba alikuwa mstari wa pili. Dele lipo mbele ya miguu yake, bado linafuka moshi. Macho yetu yalikutana, au nadhani yalikutana. Mwenzangu akaniuliza, "Yule mzee mbona anakuangalia?" Nikasema simjui. Tukapita.

Baba alikaa mkoani miezi miwili. Alirudi amekonda, dele hakurudi nalo. Mpaka anafariki mwaka 2001 hakuniuliza neno.

Niandike? Na nikiandika, nafanyaje nisimdhalilishe?

Bakari wa Tandika
Shikamoo mama. Pole sana. Mimi ningeuacha huo ukurasa. Marehemu husitiriwa, na mzee hayupo wa kukubali wala kukataa. Wajukuu wakumbuke ule mlio wa vikombe, inatosha. Kama lazima uandike, basi angalau kwanza omba ruhusa kwa mkubwa wa ukoo aliyebaki.

Mwalimu Mstaafu
Dada yangu, Bakari kasema vizuri kuhusu sitara, lakini hapa anayesitiriwa ni nani? Baba yako hakufanya la aibu, alikuwa anauza kahawa. Ukinyamaza unajisitiri wewe. Andika.

Ila weka mambo sawa. Mwaka ule kulikuwa na kamatakamata mbili, na vijana wa leo wanazichanganya. Kwanza ilikuja ya wahujumu uchumi, Sokoine akiwa Waziri Mkuu, wenye bidhaa za magendo wakawa wanazimwaga usiku. Nguvu Kazi ikafuata baadaye mwaka huohuo, na aliyeshikwa ni yule asiyeweza kuonyesha kwamba ana kazi inayotambulika. Mchuuzi wa mkononi, kama baba yako, alikuwa anaonekana mzururaji. Wajukuu wasije wakadhani babu yao alikamatwa kwa wizi. Nenda Maktaba Kuu pale Mtaa wa Bibi Titi, uliza magazeti ya mwaka ule.

Jambo jingine, nakuomba sana: usimpe yule binti wa miaka 19 akili ya mama wa miaka 61. Mwache aseme "simjui" kama alivyosema, usimtetee. Na hilo neno lako, "nadhani yalikutana", lisifutwe.

Nuru K
Shikamoo mama. Babu yangu alifariki hajaandika chochote, nimebaki na picha moja ya studio, nyuma haina hata jina. Kama kuna mtu wa umri wa baba yako bado yupo, mfuate wiki hii, mrekodi kwa simu. Usianze na tarehe, wazee tarehe zinawachosha. Muulize walikuwa wanakula nini.

Mama Mikumi
Nimerudi, samahani kwa kukawia. Bakari mwanangu, nimekusikia. Nimekwenda Kigogo kwa shangazi, mdogo wake baba, ana miaka 84. Nikaanza na chakula kama Nuru alivyosema, tukafika tu 1983.

Kumbe usiku aliorudi, baba alilala kwake. Hakutaka tumwone vile. Alioga, akanyoa ndevu, akaazima shati la marehemu mjomba. Shangazi anasema hakuuliza habari ya mama wala ya kodi ya chumba. Aliuliza, "Yule binti, uhazili anaendelea nao?" Shangazi miaka yote hiyo hakuelewa kwa nini alianza na hilo.

Nikamweleza. Akanishika mkono, tukakaa hivyo mpaka adhana ya magharibi. Ndipo akasema, "Andika. Jina lake liandike lote."

Ukurasa wa 81 unaanza hivi: Baba yangu alikuwa muuza kahawa, na siku ile nilimjua.

Mwalimu, Jumatatu naenda Maktaba. Nataka kujua ulikuwa mwezi gani, nakumbuka tu maembe yalikuwa yameshaingia sokoni.