MREJESHO: Yule wa kwenda utume Madagaska

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Mimi ndiye niliyeomba ushauri kabla ya kwenda kujitolea Madagaska. Moyo ulikuwa umekauka, nikaogopa kwenda kuwahubiria watu wakati mwenyewe sijiwezi. Nimesharudi Iringa, nikaona nisiwaache hewani.

Yule mama aliyeniambia nisihubiri, nishike ufagio kwanza: ubarikiwe sana. Nilikuwa kwenye toby, ndivyo wanavyoviita vituo vya Kilutheri vinavyopokea wagonjwa, wengi wao wa akili. Vimetokana na uamsho wa kiroho ulioongozwa na Mmalagasi aitwaye Rainisoalambo, ulioanzia kijiji cha Soatanana mwaka 1894. Watumishi wao, mpiandry, huvaa kanzu nyeupe kwenye ibada ya kuombea wagonjwa, kisha unawakuta jikoni wanachota maji. Nami nikasugua masufuria, nikanywa nao ranovola, yale maji yanayochemshiwa kwenye ukoko wa wali. Hapo ndipo maombi yalipoanza kurudi, tena ya maneno machache, si yale marefu ya mkesha.

Ushauri wenu mwingine: kujifunza lugha kabla ya safari kulisaidia kiasi; nilifika na salamu na bei za sokoni tu. Kuombeana na mwenzangu kwa simu kulikufa mapema, mtandao wa kubahatisha.

Ukavu haujaisha wote. Kuna asubuhi nafungua Biblia na sisikii kitu. Ila Jumamosi sasa naenda wodini kufagia na kukaa na wagonjwa wasio na ndugu.

Anayejiandaa kwenda aulize tu. Na abebe sweta: nyanda za juu za kule, Juni na Julai, ni baridi ya Makambako kabisa.