Wakala wa tiketi, kwa nini hukuniambia kuhusu samli?

Ndugu zangu wa Mombasa, assalam aleikum. Nimerudi safari juzi, nikasema ningoje hasira zipoe ndipo niandike, lakini naona hazina dalili ya kupoa.

Nilikwenda Ujerumani kumwangalia binti yangu aliyejifungua. Sikuona vyema kwenda mikono mitupu, basi nilifunga chupa ya samli ya ng'ombe kwa ajili ya uji wake wa pilipili manga, nyama iliyokaushwa, maembe ngowe kumi na mawili niliyoyachagua mwenyewe Marikiti, ng'onda, achari na halua. Kabla ya kufunga begi nilimwuliza wakala aliyenikatia tiketi, ambaye kila siku husafirisha watu kwenda huko, kama kuna kilichokatazwa. Alinijibu macho yakiwa kwenye simu: "Chakula cha nyumbani hakina neno, mama, bora usizidishe kilo."

Nilipofika nilifuata watu, nikapita njia ya kijani, bila kujua kwamba kupita hapo ni sawa na kutamka kuwa huna cha kutangaza forodhani. Nikaitwa kando. Ofisa aliikunjua kanga niliyoizungushia chupa, akafungua kifuniko, akanusa, akaita mwenzake naye akanusa, kisha samli yote ikaenda kwenye pipa. Nyama ikafuata, na maembe moja moja, kumi na mawili, huku mimi nikihesabu. Kisha nikaandikiwa faini.

Sina ugomvi na maofisa wale, maana sheria ni yao na walinionyesha bango lake pale pale ukutani. Msafiri anayetoka nchi kama yetu haruhusiwi kuingiza nyama wala maziwa na vitokanavyo nayo katika Umoja wa Ulaya, hata kidogo, kwa kuhofia maradhi ya mifugo kama ugonjwa wa miguu na midomo. Matunda mabichi nayo, tangu Desemba 2019, yanahitaji cheti cha afya ya mimea, isipokuwa mananasi, ndizi, nazi, tende na duriani. Kumbe ningebeba nazi! Samaki wa matumizi binafsi wanaruhusiwa hadi kilo 20, ndiyo maana ng'onda, pamoja na harufu yake yote, alipita salama pamoja na achari na halua. Na zawadi nyingine, kwa anayekwenda kwa ndege, hazilipiwi ushuru zisipozidi thamani ya yuro 430.

Ninayemlalamikia ni wakala. Mambo haya yanaenea kwenye nusu ukurasa, na yeye ana mashine ya kuchapishia mezani pake. Mizani ya begi alinikumbusha mara tatu, kwa sababu kilo zikizidi shirika la ndege humsumbua yeye, lakini samli ikitupwa anayeaibika ni mimi, mama mtu mzima, mbele ya mkwe wangu aliyeitwa aje kutafsiri. Nilipompigia simu alisema kazi yake ni kukata tiketi, mengine ni ya msafiri mwenyewe. Basi nilipomwuliza kwa nini hakusema hivyo tangu mwanzo badala ya kunihakikishia, simu ikakatika.

Risiti ya faini ninayo. Jumatatu asubuhi nitakuwa ofisini kwake, na ninamtaka alipe nusu yake.