Manamba, kipande na kibarua: maana na asili

Mdadisi aliuliza:

Katika historia ya mashamba ya mkonge ya Tanganyika nakutana mara kwa mara na neno "manamba", likiwa na maana ya wafanyakazi waliofungwa na mikataba, lakini waandishi wengine huwaita watu hao hao vibarua au watu wa kipande. Naomba kufahamishwa asili ya neno hili, na kama maneno haya matatu yana maana moja. Mimi ni Mkenya, na kwetu manamba ni yule anayewaita abiria kwenye kituo cha matatu.

Msomi wa Pwani alijibu:

Chanzo chake ni "namba". Mtu aliyeandikishwa huko kwao, tuseme Kigoma au Songea, alipewa namba, na akishafika shambani Tanga au Morogoro alijulikana kwa namba hiyo kuliko kwa jina lake. Kuanzia mwaka 1944 kazi hiyo ya kuandikisha watu ilisimamiwa na SILABU, ofisi iliyoundwa na wenye mashamba ya mkonge wenyewe. Neno halibadiliki katika umoja na wingi, na hata safari yenyewe ilitajwa kwa neno hilo hilo: "amekwenda manamba". Manamba wa matatu naye ametokana na namba, ila hiyo ni namba ya njia. Kumwita manamba wa mkonge kibarua ni kosa, kwa kuwa kibarua huweza kuacha kazi jioni na asirudi kesho.

Mzee wa Kumbukumbu alijibu:

Naongezea upande wa sheria, maana hapo ndipo penye uzito. Manamba alitia dole gumba kwenye mkataba mbele ya ofisa wa serikali, na akitoroka kabla ya muda wake kwisha alihesabiwa kuwa mhalifu wa kutozwa faini au kufungwa jela, si mdaiwa tu wa tajiri wake. Mtu wa kipande alikuwa na nafuu: alipewa kadi ya siku 30 za kazi, kila alipomaliza ngwe yake siku hiyo ikatiwa alama, na mshahara ukalipwa kadi ilipojaa, hivyo aliyeishi jirani aliweza kuruka siku akalime shamba lake. Nchini Kenya mambo yalikuwa kinyume. Kipande cha huko, kilichotokana na sheria ya mwaka 1915 na kuanza kutumika baada ya Vita Kuu ya Kwanza, kilikuwa cheti chenye alama za vidole, ambacho mwanamume Mwafrika alikivaa shingoni ndani ya kikasha cha bati. Mwajiri asipotia sahihi ya kumruhusu kuondoka, hakuna mwingine aliyeruhusiwa kumwajiri. Harry Thuku na wenzake walikipinga mapema, miaka ya 1921 na 1922.

Bint Unguja alijibu:

Nakubaliana na yote isipokuwa hilo la uhuru wa kibarua. Kibarua ni barua ndogo, yaani kile kikaratasi ambacho mfanyakazi wa kutwa Unguja ya karne ya 19 alipewa na kukirudisha wakati wa kupokea ujira, kisha jina la karatasi likamhamia mwenye kuishika. Wengi wa vibarua hao walikuwa watumwa waliokodishwa na mabwana zao, na sehemu ya ujira ilikwenda kwa bwana. Aliyeweza kuacha kazi jioni, basi, mara nyingi alikuwa tajiri wa mtumwa.