Mjadala: Asiye na skrini kubwa azuiwe somo la kubuni bodi za saketi?

Mleta mada (Kigoma mjini)

Wakuu, salaam. Kuna chuo cha ufundi huku kwetu, jina naliacha, kinafikiria kuweka sharti: mwanafunzi wa elektroniki asiye na skrini ya pikseli (nukta za skrini) 1920 kwa 1080 asisajiliwe somo la kubuni bodi za saketi, vile vibao vyenye njia za shaba zinazounganisha vifaa vya umeme. Mimi napinga. Nasema kwa nini, kisha nanyi mnipinge.

Laptopu nyingi ninazoziona kwa vijana hapa ni za mtumba, inchi 11 hadi 14, skrini 1366 kwa 768. Sharti likipita, somo linabaki la wenye nazo.

Wanaolitetea hawasemi hewani. Watengenezaji wa KiCad, programu ya bure ya kuchorea bodi ambayo wengi tunaitumia, wenyewe wanataja 1280 kwa 1024 kuwa kima cha chini. Upana tunao. Kinachopungua ni kwenda chini, 768 badala ya 1024, na kero yote iko hapo. Unafungua dirisha la mipangilio, nusu yake inazama chini, kitufe cha kukubali hukioni. Na kama Windows imekuzwa hadi asilimia 125, ndiyo basi tena. Irudishe 100, ficha ule upau wa chini, funga paneli ya tabaka iliyo kulia. Wa Linux, shika Alt, au kwa baadhi kitufe cha Windows, ulivute dirisha zima juu. Halafu achana na vitufe vya pembeni, tumia kibodi: X kuchora njia, V kuivushia upande wa pili, R kuzungusha, M kuhamisha.

Sasa hesabu. Tuseme sehemu ya kuchorea imebakiwa na pikseli 600 kwenda chini. Bodi ya milimita 50 ikijaa humo, kila milimita inapata pikseli 12. Njia ya shaba ya robo milimita ni pikseli 3. Miguu ya aisii (IC, kile kidude cheusi chenye miguu mingi) ya kawaida, ile ya kupenya matundu, imeachana milimita 2.54, yaani pikseli 30. Asiyeona pikseli 30 aende kwa daktari wa macho, dukani kwenye monita hana shida ya kwenda.

Tena KiCad ilianza mwaka 1992, kazi ya Jean-Pierre Charras kule Ufaransa, enzi ambazo skrini ya 640 kwa 480 ilikuwa jambo la kawaida mezani.

Mwalimu (Tabora)

Mkuu, umechagua hesabu inayokufaa. Chukua aisii za siku hizi zenye miguu iliyoachana nusu milimita: kwa hesabu yako ni pikseli 6 mguu hadi mguu. Utaniambia kuza. Haya, ukikuza unauona mguu, unaipoteza bodi. Kubuni bodi si kuvuta mstari mmoja. Ni kujua huu unapita wapi ili wa baada yake nao upate pa kupita. Anayetazama kona moja moja anaipanga kona hii vizuri, kisha anakuta njia ya umeme wa kuchajia imezibwa pande zote. Nimewaona wakifuta kazi ya siku nzima.

Halafu hukugusa jambo la madirisha mawili. Kwenye skrini pana mchoro wa saketi unakaa kushoto, bodi kulia. Ukibofya rizista huku, inawaka na kule. Kwenye inchi 14 unahama dirisha hadi dirisha mpaka unasahau ulikuwa unatafuta nini. Sisemi mtu afukuzwe. Nasema chuo kinunue monita, hata za mtumba, kuliko kumzoesha mtoto wa watu dhiki na kuiita ujuzi.

Fundi (Ujiji)

Mwalimu wangu, monita ni nzuri, ila umeme ukikatika laptopu inaendelea na betri, monita inabaki kioo cha kujitazamia.

Mimi kazi yangu ni taa za dagaa. Karabai zimepisha taa za LED za betri, na kwangu zinaletwa bodi za kuchajia zilizoingia maji. Bodi mpya naichora ya shaba upande mmoja, njia za umeme mkubwa naziacha milimita 2 ili zisichemke. Hiyo aisii ya nusu milimita naipata duka gani, na nikiipata nailehemu kwa mkono upi?

Mleta mada

Mwalimu, la madirisha mawili nakupa. Mimi mchoro wa saketi nauchapa, naubandika ukutani, laptopu inabaki na bodi peke yake.

Ila karatasi ina kazi kubwa zaidi ya hiyo. Njia zilizosogeleana mno au kugusana, programu inazikagua yenyewe hata skrini iwe kiganja. Isichokijua ni kama kiunganishi ulichonunua kinalingana na ulichokichora. Hilo hata monita ya inchi 27 haikuambii. Chapa bodi steshenari kwa asilimia 100, umkataze kijana wa pale kuijaza ukurasa. Pima kwa rula kwanza, maana mashine zile zinapenda kupunguza. Kisha toboa karatasi kwa miguu ya kifaa chenyewe. Ikigoma kuingia, umeokoa shaba na tindikali ya kuila.

Mwanafunzi (Kasulu)

Shikamoo mwalimu. Monita zikinunuliwa zitafungiwa maabara, jioni mlango unapigwa kufuli, na mimi usiku narudi kwenye hii hii ya 768. Naomba nifundishwe kwanza ninayolala nayo. Lakini bodi yangu ya mradi ina pande mbili na aisii 3, na kweli nikikuza napotea. Tuwe na vyote.

Mwalimu (Tabora)

Marahaba binti. Sharti liondoke basi, hilo sina ubishi tena. Ila nijibuni la mtihani: bodi moja, muda mmoja, huyu yuko kwenye monita, huyu kwenye inchi 11. Wote wakae kwenye ndogo, au kila mtu na yake? Maana anayesahihisha haoni skrini, anaona bodi tu.