Yule wa kaunda suti amenidhalilisha kwenye maiki, leo hii mnisikilize

Mkulima wa Isyonje
Wakuu, salamu baadaye. Nimetoka kikao cha wazazi sasa hivi, nipo Mafiat hapa Mbeya nasubiri gari la Uyole, vidole vinatetemeka, herufi zikiruka mnivumilie.

Yule mwalimu wa kaunda suti mnamjua. Msijifanye hamumjui. Kila mwenye mtoto shule ile ya mtelemkoni anamjua. Anayekohoa kwanza mpaka spika inapiga yowe, ndipo anasema "wazazi wangu wapendwa". Ndiye huyo.

Nauliza: mtu mzima, ana mke, ana watoto, anawezaje kumwambia mzazi mwenzake "mzazi wa gambuti kaa chini, hoja yako tutampelekea bwana shamba"? Kwenye maiki! Mbele ya mwenyekiti wa bodi! Mbele ya mama mkwe wa mdogo wangu!

Kosa langu niliuliza swali. Dogo yuko kidato cha tatu. Fomu ya kujiunga ilitaka rimu, nikapeleka. Muhula uliofuata rimu, nikapeleka. Safari hii rimu tena, na juu yake hela ya mtihani wa ujirani mwema, ule wa pamoja na shule jirani, na juu yake tena hela ya kudurufu majaribio. Nikanyoosha mkono kistaarabu: "Samahani mwalimu, hizi rimu tunazoleta zinadurufu nini, kama kudurufu tunalipia upya?" Basi. Sikutukana mtu.

Akanitazama kuanzia kichwani, akashuka taratibu, akafika miguuni, akatulia huko. Ni kweli nilivaa gambuti, na zilikuwa na tope. Mvua imenyesha tangu alfajiri, nimetoka kupakia viazi, mlitaka nivae kandambili? Ndipo akasema "bwana shamba". Ukumbi mzima kicheko. Kuna baba mmoja alicheka mpaka kofia ikadondoka, na yeye rimu hajaleta! Mhasibu alicheka. Mpishi alichungulia dirishani akauliza kuna nini, akaelezwa, akacheka na yeye.

Bwana shamba. Mimi. Ambaye viazi vyangu ndivyo wanavyokula hapo hapo shuleni.

Toto la Kabwe
Siti ya mbele nimeshachukua. Ila mkuu, gambuti la rangi gani? Kama jeusi nipo upande wako. Kama la njano mwalimu alikuwa na haki.

Mkulima wa Isyonje
Jeusi. Na rangi haihusiani.

Toto la Kabwe
Inahusiana sana.

Mama Pacha wa Soweto
Pole baba. Huyo wa kaunda suti mwaka jana aliniambia mimi "mama, huyu mtoto kichwa amekitoa upande gani?" Nikamjibu upande wa baba yake. Sasa baba yake alikuwa amekaa pembeni yangu. Tulirudi nyumbani kila mtu na bajaji yake.

Kikaango
Hii chai. Mwalimu gani anaongea hivyo siku hizi na kila mzazi ana simu ya kurekodi? Leta sauti.

Mkulima wa Isyonje
Nitarekodi vipi nimesimama, mkono mmoja umenyooka juu, mwingine umeshika kofia? Fikirieni basi. Tena sikumaliza. Baada ya "bwana shamba" alinyamaza kidogo akisubiri watu wamalize kucheka, halafu akaendelea na ajenda ya madawati. Kanyamaza ASUBIRI KICHEKO. Huyo alipanga.

Chaki Nyeupe
Mimi ni mwalimu, wilaya siitaji. Lugha ya mwenzangu siitetei. Lakini wazazi mnajua shule inaendeshwaje? Ruzuku ya uendeshaji kwa mwanafunzi wa sekondari ni shilingi 25,000 kwa mwaka mzima, na nusu yake ni ya vitabu, haipiti mikononi mwetu. Kwa 12,500 iliyobaki niletee chaki, wino wa mashine, umeme, na vifaa vya maabara. Majaribio ya masomo tisa, darasa la watoto themanini. Piga hesabu ya karatasi mwenyewe.
Halafu mzazi anaonekana kikaoni mara moja tangu mtoto aingie kidato cha kwanza, anakuja na hasira za rimu.

Mkulima wa Isyonje
Mwalimu, hesabu yako nimeielewa kuliko alivyowahi kunieleza yeye. Angesema hivyo ningekaa chini mwenyewe, na kesho ningeleta rimu mbili. Hakusema hivyo. Alisema bwana shamba.

Msomi Uchwara
Elimu bila ada kidato cha kwanza hadi cha nne imeanza 2016, kwa waraka namba 5 wa 2015. Michango ya lazima hairuhusiwi. Mleta uzi, nenda kwa afisa elimu na waraka mkononi.

Toto la Kabwe
Na gambuti mguuni.

Kamwene
Tukubaliane jambo moja: kitaalamu mwalimu yuko sahihi. Rimu inatoka kwenye mti, mti unapandwa, anayeshughulika na mimea ni bwana shamba. Hoja imepelekwa panapohusika.

Mbao za Mafinga
Hapana, miti ni ya bwana misitu. Na huku kwetu Mufindi kiwanda cha Mgololo kipo, wapelekeni wanafunzi wakajitengenezee.

Msomi Uchwara
Mgololo wanatoa karatasi za kaki, zile za mifuko. Hazidurufiwi mtihani.

Mbao za Mafinga
Watoto watafanyia mtihani kwenye mfuko wa saruji, shida iko wapi?

Baba Neema Iringa
Nyie mnalia na gambuti. Wangu kachapwa fimbo sita na mwalimu wa zamu kwa kuchelewa namba. Kanuni zinasema zisizidi nne, achape mkuu wa shule au aliyemteua kwa maandishi, na ziandikwe kwenye daftari. Nimeomba nione daftari, naambiwa limelowa mvua. Hiyo ndiyo kero, siyo kuchekwa.

Mkulima wa Isyonje
Mzee, pole, ila anzisha uzi wako. Huu ni wa bwana shamba.

Baba Neema Iringa
Uzi ni wa wote.

Zao la Makete
Hamjasoma kwenye baridi nyie. Kidato cha tano tuliripoti Julai, maji ya kuoga bomba la nje, saa kumi na moja asubuhi, nyasi nyeupe kwa sakitu. Kuna jamaa wa HGL, yaani Historia, Jiografia na Kiingereza, alitokea Lindi, kaja na shuka moja nyepesi na kaptula. Siku ya kwanza aliuliza "huku jua linatoka mwezi wa ngapi?" Wiki ya pili alikuwa analala ndani ya tranka.

Mama Pacha wa Soweto
Ndani ya tranka jamani 😂

Zao la Makete
Kifuniko wazi lakini, tusimsingizie. Na makande yetu ukitumbukiza kijiko unakuta dumuzi ni wengi kuliko maharage. Tulikuwa tunawaita nyama ya wiki. Mpishi ukilalamika anakwambia "toa utakachotoa, kingine protini."

Chaki Nyeupe
Na sisi walimu tunakula sufuria hilo hilo, hilo hamsemi. Nimeanza kazi huku ndani sana, nyumba ya mwalimu paa linavuja juu ya kitanda, kitanda nimekihamisha kila kona. Kwenda benki tu natumia siku mbili. Mzazi anakuja ananisema mimi nimevaa suti moja.

Kikaango
Kwa hiyo na wewe una suti moja? Ya kaunda? Ya kijani?

Chaki Nyeupe
Sitajibu swali hilo.

Toto la Kabwe
WAKUU TUMEMPATA.

Mkulima wa Isyonje
Sijasema ya kijani mimi. Yake ni ya kahawia. Acheni kumsumbua mwalimu wa watu.

Dada wa Makambako
Samahani kuingilia. Mleta uzi, umesema unapakia viazi. Ni mbegu ya Sagita? Gunia mnauzaje kwa sasa shambani?

Mkulima wa Isyonje
Ndiyo dada, Sagita, vimekomaa vizuri, ngozi haichubuki. Bei inategemea unataka ujazo wa kawaida au lumbesa, gunia la kujaza kupita kipimo. Njoo faragha tuongee.

Mbao za Mafinga
Lumbesa ndiyo wizi wenyewe. Wakulima mnapigwa gunia lina kilemba kama bibi harusi, mnacheka tu. Vipimo halali vipo, mizani ipo.

Dada wa Makambako
Kaka, madalali ndio wanaotaka lumbesa, siyo sisi. Ukimpelekea ujazo wa kawaida anakwambia subiri, mpaka vinaota.

Mkulima wa Isyonje
Mwambie huyo wa Mafinga. Na ushuru nao, geti la kwanza wanakata, geti la pili wanakata, risiti ukiwaonyesha wanasema ni ya jana.

Baba Neema Iringa
Halafu fimbo sita hakuna aliyesema kitu.

Msomi Uchwara
Viongozi wa jukwaa, hamishieni huu uzi kilimo na ufugaji.