Kwa nini raketi ya mbao ilidumu karibu miaka mia moja, kisha ikatoweka ghafla?

Mpenda_Tenisi:
Ndugu wanajukwaa, tangu Walter Wingfield apewe hataza ya tenisi ya nyasini nchini Uingereza mwaka 1874 hadi miaka ya 1970, raketi nyingi zilikuwa za mbao na zenye kichwa kidogo. Kisha mbao zikatoweka upesi mno, kiasi kwamba bingwa wa zamani Björn Borg aliporejea uwanjani katika mashindano ya Monte Carlo mwaka 1991 akiwa na raketi yake ya mbao, Jordi Arrese alimshinda kwa seti mbili bila. Je, kasoro ya mbao ilikuwa uzito tu?

Fundi_Kamba:
Ndugu, uzito ulichangia, lakini kwa maoni yangu kiini cha jambo ni ukubwa wa kichwa. Kila kamba hukazwa kwa nguvu ya kilo ishirini na kitu, na fremu ya mbao ikipanuliwa haiwezi kuhimili mvuto huo bila kupinda au kuvunjika. Hata zile ndogo zilihifadhiwa ndani ya kibanio ili unyevu usizipinde. Ndiyo maana eneo la kamba halikuzidi sana sentimita za mraba 450.

Bingwa wa Ufaransa René Lacoste alibuni raketi ya chuma mwaka 1953, na Jimmy Connors akaja kushinda nayo mataji makubwa, ila kichwa chake kilibaki kidogo, kwa hiyo mbao ziliendelea kutumika. Aliyegeuza mambo ni mhandisi wa Marekani, Howard Head, ambaye mwaka 1976 alipata hataza ya raketi ya alumini yenye eneo la takriban sentimita za mraba 700. Faida yake kubwa ilikuwa upana: mpira ukigonga pembeni, raketi hujisokota mkononi, lakini kingo za fremu zikiwa mbali zaidi na mstari wa katikati, msokoto huo hupungua sana, na pigo lililokosewa kidogo bado huvuka wavu. Alumini ililegea mno kwa wapigaji wenye nguvu. Grafiti, yaani nyuzi za kaboni zilizounganishwa kwa gundi, iliyo nyepesi na ngumu, ndiyo iliyozima mbao. Yannick Noah alitwaa Roland Garros, mashindano makubwa ya Ufaransa, mwaka 1983 kwa raketi ya mbao, na hakuna mwanamume mwingine aliyeshinda taji kubwa kwa mbao baada yake.

Msomaji_Kanuni:
Naongeza jambo ambalo husahaulika. Hadi mwaka 1977 kanuni hazikueleza raketi ni kitu gani. Mwaka huo Ilie Năstase alitumia raketi yenye tabaka mbili za kamba dhidi ya Guillermo Vilas huko Aix-en-Provence. Mpira ulizunguka kupita kiasi, na Vilas, aliyekuwa hajashindwa kwenye viwanja vya udongo kwa mechi 53, akajitoa baada ya kupoteza seti mbili. Shirikisho la Kimataifa la Tenisi liliipiga marufuku raketi hiyo, na mwaka 1978 kanuni zikaeleza raketi kwa mara ya kwanza.

Fundi_Kamba:
Ni kweli kabisa, na nadhani hapo ndipo historia hii inapovutia zaidi. Katika raketi ile, kamba ziliteleza kando pamoja na mpira kisha zikarudi mahali pake kwa kasi, zikiuzungusha. Kamba za poliesta, alizotumia Gustavo Kuerten kutwaa Roland Garros mwaka 1997, hufanya kazi kwa namna hiyohiyo, tena kwa tabaka moja linaloruhusiwa na kanuni.